Wanyama Wale Wale, Ukoo Mwingine

Kwenye vibanda vya video, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa, kanuni inajulikana tangu enzi za kanda: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa korongoni, lakini filamu ikikaribia kwisha atainuka, atajifuta damu na kumaliza kazi. Jumamosi moja ya Aprili 2009, watazamaji wa Uingereza walivunjiwa kanuni hiyo wakiwa wamekaa na watoto wao sebuleni. Profesa Nick Cutter, uti wa mgongo wa tamthilia ya Primeval tangu siku ya kwanza, alipigwa risasi na Helen, mke wake mwenyewe, akafa mikononi mwa mwanafunzi wake. Ilikuwa sehemu ya tatu tu ya msimu wenye sehemu kumi. Saba zilizobaki watu walizitazama bila yeye.

Sura hii inahusu tamthilia nyingine, iliyotengenezwa Canada miaka mitatu baadaye, na jinsi watu walivyoipokea. Lakini huwezi kuelewa hasira, kejeli na huruma zilizoipata bila kujua kwanza watazamaji hao walikuwa wametendewa nini. Hawakufika mbele ya runinga wakiwa wageni. Walifika na makovu.

Primeval ilibuniwa na Tim Haines na Adrian Hodges. Haines ndiye aliyekuwa nyuma ya Walking with Dinosaurs ya BBC, mwaka 1999, iliyowaonyesha dinosaria kana kwamba wapiga picha wamewafuata mbugani na kuwakuta wakila, wakipandana na kufa. Baada ya mafanikio hayo swali lilikuwa moja: wanyama hawa wakitolewa kwenye makala ya sayansi na kutiwa kwenye hadithi yenye mapenzi na uhasama, itakuwaje? ITV ilirusha jibu lake tarehe 10 Februari 2007, Jumamosi jioni, saa ya familia nzima. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kulielewa. Milango ya nuru, inayofanana na vipande vya kioo vilivyovunjika na kuganda hewani, inafunguka ghafla msituni, kwenye maduka, kwenye reli za chini ya ardhi. Upande wa pili ni zama nyingine. Milango hiyo inaitwa anomali, na kila inapofunguka kuna kitu chenye njaa kinachoingia Uingereza ya leo.

Mnyama wa kwanza kutisha hakuwa dinosaria. Alikuwa gorgonopsidi, mwindaji mwenye meno marefu kama majambia, aliyeishi mamilioni ya miaka kabla ya dinosaria wa kwanza kutembea duniani. Katika tamthilia anatokea Msitu wa Dean, magharibi mwa Uingereza. Mabaki ya jamaa zake halisi yamechimbwa Afrika Kusini, Urusi, na hapa kwetu katika bonde la Mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, jambo ambalo tamthilia haikuwa na sababu ya kulitaja na mimi sioni sababu ya kulinyamazia. Hata Rex, mjusi mdogo wa kijani anayepaa na kuwa kipenzi cha nyumba, alitolewa kwa kiumbe aitwaye Coelurosauravus, ambaye visukuku vyake vinatoka Madagaska. Rex wa runinga alikuwa mkubwa kuliko yule wa kwenye mwamba. Wapenzi wa paleontolojia walilisema hilo mapema, wakaendelea kutazama.

Waliendelea kwa sababu ya watu. Hapa ndipo wengi wanaoiga tamthilia za namna hii hukosea hesabu. Mnyama humvuta mtazamaji wiki ya kwanza, na ya pili kwa taabu. Wiki ya tano anayemrudisha ni mtu. Primeval ilikuwa na Connor Temple, mwanafunzi asiyejua kunyamaza, mwenye kofia na glavu zisizo na vidole, aliyeigizwa na Andrew-Lee Potts. Ilikuwa na Abby Maitland, msichana wa bustani ya wanyama, aliyeigizwa na Hannah Spearritt, ambaye vijana walimjua tayari kutoka kundi la muziki la S Club 7. Ilikuwa na James Lester, bosi wa serikali mwenye suti safi na ulimi mkali, na mwigizaji wake, Ben Miller, ni mchekeshaji wa siku nyingi. Lester alikuwa na uwezo wa kumtazama mamothi ndani ya ofisi yake kama mtu anayetazama barua ya kodi. Watoto walikuja kwa gorgonopsidi, wazazi wakabaki kwa Lester.

Kisha kulikuwa na ujasiri wa waandishi. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Cutter anarudi kutoka zama za kale na kumwulizia Claudia Brown, mwanamke aliyeanza kumpenda. Hakuna anayemjua. Jambo fulani lililotendeka upande wa pili limebadili historia, na Claudia hakupata kuzaliwa. Msimu wa pili mwigizaji yuleyule, Lucy Brown, anaingia kwa jina jingine, tabia nyingine, na hamkumbuki Cutter hata kidogo. Ukiwafundisha watazamaji kwamba mtu anaweza kufutwa namna hiyo, wanakuwa makini mno: kila sehemu wanaitazama kwa jicho la mpelelezi, na kila deni la hadithi wanaliandika.

Deni kubwa lilikuja Juni 2009. Msimu wa tatu uliishia Bonde la Ufa, Afrika Mashariki, ambako Helen Cutter alisafiri mamilioni ya miaka nyuma ili awaue mababu wa binadamu na kulifuta kosa zima la uwepo wetu. Helen akafa huko. Danny Quinn, polisi wa zamani aliyeshika nafasi ya Cutter, akabaki peke yake katika zama hizo; Connor na Abby wakabaki juu ya mti katika zama za dinosaria, Connor akiwa ameumia. Siku chache baada ya sehemu hiyo kurushwa, ITV ikatangaza kwamba haitaagiza msimu mwingine. Gharama za wanyama wa kompyuta zilikuwa kubwa, na matangazo ya biashara yalikuwa yamepungua kwa mdororo wa uchumi.

Watu walilalamika sana, na safari hii malalamiko yalipata bahati ya kukutana na hesabu za wafanyabiashara. Tamthilia ilikuwa inauzika nje. Septemba mwaka huohuo ukatangazwa mpango wa kuchangia gharama kati ya ITV, UKTV, BBC Worldwide, ProSieben ya Ujerumani na watengenezaji wenyewe, Impossible Pictures. Msimu wa nne ulianza tarehe 1 Januari 2011, na wa tano ukafuata Mei kupitia chaneli ya Watch. Connor na Abby wakashuka mtini. Somo ambalo mashabiki walilipata lilikuwa tamu na la hatari: ukipiga kelele, wafu hufufuka.

Msimu wa tano nao ukaishia pabaya. Dakika za mwisho kabisa Matt Anderson, kiongozi mpya wa kikosi, anakutana na nafsi yake mwenyewe, imechafuka na kuchoka, ikimwagiza arudi. Arudi wapi, kufanya nini? Pazia likashuka. Ndiyo hali iliyokuwapo wakati chaneli ya Space ya Canada ilipotangaza kwamba itatengeneza tamthilia tanzu, yaani iliyozaliwa na ile ya kwanza, katika dunia ileile ya anomali lakini kwa kikosi kipya, mji mpya na bara jingine. Jina: Primeval: New World. Sehemu ya kwanza ilirushwa tarehe 29 Oktoba 2012, Jumatatu usiku.

Mhusika mkuu ni Evan Cross, mvumbuzi tajiri wa Vancouver mwenye kampuni ya teknolojia, anayeigizwa na Niall Matter. Miaka sita kabla ya hadithi kuanza, mke wake aliuawa na Albertosaurus, mwindaji ambaye jina lake linatokana na Alberta, jimbo jirani. Tangu siku hiyo Evan anazifuatilia anomali kimyakimya. Anajiunga naye Dylan Weir, mtaalamu wa kudhibiti wanyama wakali, aliyeigizwa na Sara Canning. Wapo pia Mac Rendell, kijana Mwingereza wa bunduki na mitego. Toby Nance, mwanasayansi. Ange Finch, anayeshika fedha za kampuni na kila siku anauliza nani atalipia vioo vilivyovunjika. Na luteni wa jeshi la anga aitwaye Ken Leeds. Waliokabidhiwa kazi hawakuwa wachanga. Martin Wood, mmoja wa wakuu wa utayarishaji, alikuwa ameongoza sehemu nyingi za Stargate na Sanctuary, tamthilia zilizotengenezwa mji huohuo.

Jambo la kwanza watazamaji wa zamani walilolishangilia ndilo, kwa maoni yangu, lililoiumiza tamthilia kuliko yote. Ndani ya sehemu ya kwanza kabisa anaingia Connor Temple. Amesafiri kutoka London kuja kumwonya Evan aachane na mambo asiyoyaelewa. Anaongea kwa kasi yake ileile, anatania, anatisha kidogo, halafu anaondoka. Dakika hizo chache zilikusudiwa ziwe baraka, kama mzee wa ukoo anayekuja kumtambulisha kijana ukweni. Zikawa kipimo. Mtu aliyekuwa amejiandaa kuwapa wageni nafasi alikumbushwa ghafla, kwa sauti na uso, ni nini alichokuwa amekikosa tangu Juni 2011. Connor alipotoka chumbani ucheshi wote ulitoka naye. Wiki zilizofuata lalamiko lililorudiwa zaidi miongoni mwa mashabiki lilikuwa hilo: Connor yuko wapi, na Abby, na Lester? Na huyo Matt aliyekutana na nafsi yake, je? Vancouver haikuwa na jibu la lolote kati ya hayo, wala haikupaswa kuwa nalo, lakini ilikuwa imelikaribisha swali nyumbani kwake yenyewe.

Lalamiko la pili lilimhusu Evan. Mwanamume mwenye akili nyingi, mwenye huzuni, aliyempoteza mkewe kwa sababu ya anomali: watazamaji walihesabu vidole na kusema huyu ni Cutter aliyepewa pesa. Hawakukosea sana. Tofauti ni kwamba Cutter alipewa wasaidizi waliomcheka, na Evan alizungukwa na watu aliowalipa mshahara. Kikosi cha London kiliokotana njiani na kulazimika kupendana. Kikosi cha Vancouver kilikuwa na jengo zuri, magari meusi na mitambo ya kung'aa, na ilichukua wiki nyingi kabla watu wake hawajaonekana kama wangekula chakula pamoja bila kuitwa kazini.

La tatu lilikuwa damu. Primeval ya Uingereza iliua watu wengi, ila iliwaua kwa adabu ya Jumamosi jioni: kelele, kivuli, kiatu kilichobaki njiani. New World ilipangwa usiku wa watu wazima, na ilitaka hilo lionekane. Maiti zilionekana. Majeraha yalionekana. Katika sehemu moja ndege wakubwa wawindaji wasioruka, warefu kuliko mtu, wanaingia kwenye shamba la siri la bangi lililofichwa ndani ya jengo, na wakulima wake wanakutana nao gizani. Wapo waliofurahia: hatimaye, walisema, wanyama hawa wanafanya kile ambacho wanyama wa namna hii wangefanya. Wazazi waliokuwa wametazama na watoto wao tangu 2007 walijikuta wakizima runinga. Torchwood, iliyozaliwa na Doctor Who mwaka 2006, ilikuwa imethibitisha kwamba mtoto anaweza kuwa mkali kuliko mzazi na bado apendwe. Lakini Torchwood ilikuwa na Jack Harkness, mhusika ambaye watazamaji walikuwa wamekwisha kumpenda kwenye Doctor Who kabla hajapewa nyumba yake. New World ilichukua giza ikaacha daraja.

Tusiwatendee ubaya, maana sifa nazo zilikuwapo na za kweli. Wacanada walifurahia jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulitambua mara moja. Vancouver imepigwa picha katika tamthilia na filamu nyingi mno, na karibu kila mara hulazimishwa kujifanya mji mwingine, wa Marekani mara nyingi, bendera zikibadilishwa na namba za magari zikifunikwa. Hapa Vancouver iliitwa Vancouver. Misitu yake, milima yake na mvua yake isiyokwisha vilikuwa sehemu ya hadithi. Hata jeshi lao lilikuwa lao: ofisi anayoiongoza Luteni Leeds inaitwa Project Magnet, jina la mradi halisi wa serikali ya Canada uliochunguza habari za visahani vya angani kuanzia 1950, chini ya mhandisi Wilbert Smith, na kufungwa mwaka 1954. Waandishi waliokumbuka kipande kama hicho cha historia yao walikuwa wanaipenda kazi.

Na Leeds mwenyewe, aliyeigizwa na Geoff Gustafson, ndiye aliyewapindua wengi. Alianza kama kichekesho: ofisa aliyesahauliwa na wakubwa wake, mwenye ofisi bila bajeti, anayetaka sana kualikwa. Polepole akawa mtu. Anakosea, anasaliti bila kukusudia, anaogopa, na watazamaji waliokuwa wakimdhihaki wiki ya pili walikuwa wakimhurumia wiki ya kumi. Kuna waliomtaja kuwa mhusika bora kuliko Evan, nami niko upande wao. Katika tamthilia ambayo kila mtu ni hodari, asiye hodari ndiye anayebeba hofu ya mtazamaji.

Kilichoiinua nusu ya pili hasa ni siri ya Mac. Evan ana mwili uliogandishwa, amemficha kila mtu, wa kijana aliyemwokoa siku mke wake alipouawa. Kijana huyo ni Mac mwenyewe, aliyetoka wakati ujao na kufia huko nyuma. Kwa hiyo Mac anayefanya kazi naye kila siku, anayecheka na kutega mitego, tayari amekufa mahali fulani, na rafiki yake anajua. Mac anapoligundua hilo, tamthilia inapata uzito iliokuwa ikiutafuta kwa damu na ikaukosa. Kanuni ya steringi hafi inageuzwa kichwa chini: huyu amekufa kabla hatujamfahamu, na tunamtazama akielekea kwenye kifo ambacho picha yake tumeshaiona. Waliovumilia hadi hapo walikuwa sasa wakiitetea tamthilia mbele ya waliokwisha kuondoka. Tatizo ni kwamba walioondoka walikuwa wengi.

Sehemu mbili za mwisho zilipewa kichwa kinachokumbusha hadithi fupi ya Ray Bradbury ya mwaka 1952 kuhusu mwindaji anayekwenda zama za dinosaria na kurudi kuukuta ulimwengu umebadilika. Kichwa chenyewe kilikuwa onyo. Evan anarudi siku ile ya msiba, historia inaguswa, Connor anaonekana tena, na tarehe 21 Januari 2013 hadithi ikakatika mambo yakiwa yamevurugika na hakuna aliyejua yatarekebishwaje. Kwa mara nyingine watazamaji wa ukoo huu waliachwa juu ya mti. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Februari, Space ilitangaza kwamba hakutakuwa na msimu wa pili. Watazamaji hawakutosha.

Wamarekani walikuwa hawajaanza hata kuitazama. Chaneli ya Syfy iliirusha Juni 2013, miezi minne baada ya uamuzi wa kuifunga. Watu wakajikuta wakiambiana katikati ya msimu, baadhi kwa uchungu na baadhi kwa kicheko, kwamba wanampenda marehemu. Wapo waliokata tamaa walipopata habari: kuna faida gani kuwekeza moyo kwenye swali lisilo na jibu? Namna hiyo ya kusambaza tamthilia, nchi baada ya nchi, ilikuwa na maana zamani, kabla habari haijavuka bahari kwa dakika moja. Mwaka 2013 iliwanyima watayarishaji kura za nusu ya dunia, kwa kuwa hukumu ilipitishwa kwa kura za nchi moja.

Kampeni zilifanyika, sawa na mwaka 2009. Hazikuzaa kitu, na sababu haikuwa uhaba wa mapenzi. Mwaka 2009 kulikuwa na misimu mitatu ya kuuza, majina yaliyojulikana na wanunuzi waliokuwa tayari. Mwaka 2013 kulikuwa na sehemu kumi na tatu. Tena wakati ulikuwa mbaya kwa wanyama hawa: Terra Nova, tamthilia ya dinosaria ya Fox iliyopigiwa debe kwa nguvu zote na kugharimu fedha nyingi, ilikuwa imefungwa Machi 2012 baada ya sehemu kumi na tatu vilevile. Binadamu wawili wakigombana jikoni ni picha ya bei nafuu. Mnyama mmoja wa kompyuta akipita nyuma yao ni kazi ya watu wengi kwa wiki nyingi, na chaneli ndogo haiwezi kulipia kazi hiyo huku ikisubiri watazamaji wabadili mawazo.

Hukumu yangu ni kwamba watazamaji walisoma sawasawa sehemu nne za kwanza na wakakosa haki kwa zile za mwisho. Mwanzo ulikuwa baridi, wenye kuiga na wenye kujikweza kwa damu. Hakuna shabiki aliyekuwa na deni la kuuvumilia. Lakini mtu anayesema New World yote haikufaa hakuitazama hadi Mac alipojiona kwenye barafu. Anayetaka kuitazama leo aanze na Primeval ya Uingereza, misimu mitatu ya kwanza, ndipo Connor akiingia Vancouver atajua kwa nini watu waliumia. Avumilie mpaka katikati, amtazame Leeds kwa makini, na aingie sehemu ya kumi na tatu akijua mapema kwamba ya kumi na nne haikutengenezwa.